Kipimo Kabla ya Daftari: Historia Fupi ya Hesabu za Biashara katika Fizi na Baraka

Utangulizi

Mwanafunzi wa Fizi anayesomea biashara hufundishwa uhasibu kwa Kifaransa. Mtaji, mali, madeni, faida na mizania humjia vikiwa na majina ya kigeni, pamoja na orodha ya namba za akaunti ambazo hana budi kuzihifadhi moyoni. Jioni, akirudi nyumbani Baraka, humkuta mama yake akipiga hesabu ya ndagala kwa Kiswahili, ama kwa kichwa ama katika daftari la shule lililobakiza kurasa chache. Mara nyingi hesabu hizo mbili hazikutani. Ya darasani huonekana kuwa ni mali ya benki na serikali. Ya sokoni huonekana kuwa ni ujanja tu wa kutafuta riziki.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo hauna mashiko katika historia. Dhana za msingi za uhasibu zimetumika katika pwani hiyo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na zimetumika kwa Kiswahili. Lililowatatiza wafanyabiashara wa huko, kizazi baada ya kizazi, si kujumlisha wala kutoa, bali kipimo chenyewe cha thamani. Mtu hawezi kujua kama amepata faida au hasara mpaka awe ameamua kwanza anapima kwa kitu gani: kwa ushanga, kwa nguo, kwa falanga, kwa zaire, kwa dhahabu au kwa dola. Vitabu vya shule hulichukulia jambo hilo kuwa limekwisha kuamuliwa kabla ya ukurasa wa kwanza. Katika Fizi halikupata kuamuliwa kwa muda mrefu hata mara moja.

Maneno

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Hesabu, faida, hasara, deni, amana, rehani, dhamana na hisa yana asili ya Kiarabu. Daftari lilipitia Kiajemi na Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi. Hundi na duka yametoka Bara Hindi. Kuuza, kununua na kulipa ni ya Kibantu. Kwa hiyo msamiati huu hauna mwenye kuumiliki peke yake. Ni alama ya watu waliokutana kufanya biashara, kila mmoja akaleta neno la kitu alichokijua vizuri zaidi.

Neno mtaji lina makao mengine nje ya biashara. Katika mchezo wa bao, mtaji ni ule mwendo unaomwezesha mchezaji kula kete za mwenziwe na kuendelea kucheza. Asiyekuwa na mtaji hutakata tu, yaani huzungusha kete zake mwenyewe bila kuongeza kitu. Mwalimu wa uhasibu angetafuta sana kabla ya kupata maelezo bora kuliko hayo ya tofauti baina ya fedha inayozaa na fedha inayozunguka bure.

Kiswahili cha Kongo kiliongeza yake juu ya hayo. Fedha hutamkwa feza. Falanga ilitokana na sarafu ya Kifaransa na Kibelgiji. Makuta, lililokuwa jina la sehemu ya mia ya zaire, lilibaki vinywani kwa maana ya fedha yoyote hata baada ya sarafu yenyewe kufa. Deni huitwa pia nyongo, kutokana na Kilingala. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuyacheka maneno hayo, lakini kila mojawapo limebeba kipindi kizima cha historia ya uchumi, kama itakavyoonekana mbele.

Vipimo vinne vya msafara

Mwezi Februari 1858, Richard Burton na John Speke walifika Ujiji kwa njia ya misafara ya watu wa pwani, ambao walikuwa wamekwisha kuizoea. Mwezi Aprili walipanda mitumbwi kuelekea Uvira, wakaipita Ubwari, ambayo walidhani kuwa ni kisiwa. Ubwari ni rasi iliyomo leo katika wilaya ya Fizi, na ghuba iliyoko kati yake na bara, ambayo ukingoni mwake ndipo ulipo mji wa Baraka, ilipewa na ramani za Wazungu jina la Burton. Wafanyabiashara wa Ujiji, ambao miongoni mwao Mwinyi Kheri alikuja kuwa mkubwa wao, walikuwa na masoko yao upande huo wa ziwa, katika nchi za Masanze na Uvira.

Mfanyabiashara wa namna hiyo aliishi katika vipimo vinne kwa wakati mmoja. Deni lake Unguja liliandikwa kwa reale, yaani sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, ambayo huku ziwani aliiona kwa nadra. Mzigo wake ulikuwa nguo, hasa merikani na kaniki, ambazo hupimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka moja, mikono minane ni doti. Sokoni alinunulia kwa shanga, nazo zilikuwa na hesabu yake: khete kumi ni fundo moja. Mwisho, alichokwenda kukitafuta kilikuwa pembe za ndovu, na hizo hupimwa kwa frasila, yenye ratili 35, karibu kilo 16. Kati ya kipimo kimoja na kingine palikuwa na bei ya kubadilisha, na bei hiyo ilibadilika kutoka kituo hadi kituo. Ushanga uliopendwa Unyamwezi waliweza kuukataa Ujiji kwa sababu ya rangi yake tu, na fundo mia zikageuka kuwa mzigo wa bure mgongoni mwa mpagazi.

Katika soko la Ujiji fedha ya kila siku ilikuwa ushanga ulioitwa sofi, uliofanana na vipande vya mrija wa kiko. Verney Lovett Cameron, aliyefika hapo mwaka 1874, aliona jambo linalostahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa fedha. Asubuhi soko linapofunguliwa, walizunguka watu wenye mikoba iliyojaa sofi, wakawapa wanunuzi na kupokea vitu vingine badala yake. Soko lilipofungwa, watu haohao walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji na kuwapa vitu walivyovitaka. Walipata faida mara mbili, wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha. Hao walikuwa wabadilisha fedha kamili. Bidhaa yao haikuwa samaki wala chumvi bali kipimo chenyewe, na tofauti ya bei ya asubuhi na ya jioni ndiyo iliyokuwa riziki yao. Anayesimama leo karibu na gati la Baraka akiwa na mafungu ya noti mkononi anafanya kazi ileile.

Mtaji wa misafara ulitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama vile Taria Topan na nyumba ya Jairam Shivji. Tippu Tip mwenyewe, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, anaeleza mikopo aliyoipata kwa Taria Topan. Mkopo haukutolewa kwa sarafu bali kwa bidhaa, na mara nyingi riba haikutajwa kwa jina; ilifichwa ndani ya bei. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba nguo na shanga zenye thamani ya reale 600 kwa mlipaji wa papo hapo ziliandikwa reale 1,000 kwa mkopaji. Zile 400 za ziada ndizo gharama ya mtaji, na ni lazima zirudi kwanza kabla ya kusema neno faida. Baada ya hizo kuna ujira wa wapagazi, posho ya kila siku, na hongo kwa watawala wa njiani. Hongo wakati huo ilikuwa ada inayojulikana, ikadaiwa hadharani na kuingizwa katika hesabu bila aibu. Maana ya rushwa ilikuja baadaye.

Haya yote ni uhasibu wa gharama, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Tatizo lake lilikuwa kwamba faida haikujulikana mpaka pembe ipimwe Unguja, na pengine hiyo ilikuwa miaka miwili au mitatu baada ya kuondoka. Kabla ya hapo mfanyabiashara alikuwa na mali nyingi mbele ya macho yake bila ya kujua kama ni tajiri au ni mtu aliyefilisika. Luca Pacioli, aliyechapisha huko Venice mwaka 1494 maelezo ya kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa, aliwaandikia watu waliokuwa na dhiki ya aina hiyohiyo: meli imekwenda, haijarudi, na sarafu za bandari mbili hazilingani.

Katika safu ya mali ya daftari hizo walikuwamo pia watu. Masanze, Ubwari na nchi za nyuma yake zilitoa watumwa waliovushwa kwa mitumbwi hadi Ujiji, na miaka ya 1880 Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, alizidi kuieneza nguvu yake katika pwani hiyo mpaka aliposhindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwanzoni mwa 1894. Mtumwa aliyekufa njiani alikuwa hasara, kama shanga zilizolowa maji. Ni vema mwanafunzi alijue hilo mapema: hesabu inaweza kulingana pande zote mbili, bila kosa hata moja, na kilichoandikwa ndani yake kikawa dhuluma.

Falanga za kodi

Utawala wa Wabelgiji ulileta kipimo kimoja kwa nguvu. Dekreti ya tarehe 2 Mei 1910 ilimtaka kila mwanamume aliye mtu mzima alipe kodi kwa fedha, na tangu hapo falanga ilitafutwa hata na asiyekuwa na haja ya kununua kitu. Kuanzia mwaka 1917 ilikuja sheria ya kilimo cha lazima, na pamba ikalimwa katika nyanda za ziwa kuanzia bonde la Ruzizi kuteremkia Fizi.

Kwa upande wa uhasibu kipindi hiki kina jambo moja kubwa. Kampuni iliyonunua pamba iliandika gharama zake zote: mbegu, magunia, usafiri, mishahara. Mkulima hakuandika kitu, wala hakuna aliyemwandikia siku zake za kulima, kupalilia, kuchuma na kubeba. Gharama kubwa kuliko zote haikuonekana katika daftari lolote. Ndiyo sababu biashara hiyo iliweza kuonekana yenye faida. Kosa hilohilo lipo hadi leo katika hesabu ya muuza duka asiyejilipa mshahara wala kuhesabu kazi ya watoto wake, akasema kwamba duka linamlisha, kumbe ni yeye anayelilisha duka.

Duka lisilojazwa tena

Uhuru wa mwaka 1960 ulifuatwa na vita. Fizi na Baraka ziliingia katika uasi wa mwaka 1964, na mwaka uliofuata Wakuba wakiongozwa na Che Guevara walivuka ziwa kutoka Kigoma kuja kuwasaidia waasi. Kila mmoja wao alipewa jina la kificho kwa namba za Kiswahili: Dreke alikuwa Moja, na Guevara mwenyewe, aliyekuwa mkuu wao, aliitwa Tatu. Baada ya kushindwa kwao, Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP mwaka 1967 na kujichimbia katika milima ya Fizi. Huko dhahabu na pembe zilivuka ziwa kwa siri kwenda Tanzania, na bidhaa zikarudi kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo, sehemu moja ya wilaya ilikuwa chini ya sarafu ya Mobutu, na sehemu nyingine ilikuwa na sababu zote za kuipuuza.

Sarafu hiyo, yaani zaire, ilianza mwezi Juni 1967 ikiwa na nguvu: zaire moja ilichukua nafasi ya falanga 1,000 na ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitatiwa mikononi mwa raia. Kote nchini Wagiriki, Wahindi, Wareno na wengineo walinyang'anywa mali zao, na mali hizo zikagawiwa, zaidi kwa watu wenye jina kuliko kwa watu wenye ujuzi.

Kilichofuata ni somo bora la kutofautisha mauzo na faida. Duka lenye bidhaa za zaire 10,000 huuza zote kwa 12,500. Anayeijua kazi hiyo huona faida ya 2,500 kabla ya gharama nyingine, na huzirudisha zile 10,000 rafuni kwa kununua bidhaa mpya. Wengi wa waliokabidhiwa maduka waliona 12,500 kuwa ni mapato yao. Waliuza, wakala, na rafu zikabaki tupu. Si kwamba walipata hasara katika mauzo, kwa maana kila kitu kiliuzwa kwa bei nzuri. Waliula mtaji huku wakidhani kwamba wanakula faida. Mwishoni mwa 1974 serikali ilichukua hatua za kuziweka biashara kubwa mikononi mwake, na mwaka 1976 wenye mali wa kwanza wakaanza kuitwa warudi. Wengi hawakurudi.

Mwaka huohuo wa 1976, kwa sheria ya tarehe 16 Julai, nchi ilipata mpango wake wa kwanza wa jumla wa uhasibu uliozilazimisha kampuni zote kutumia akaunti za namna moja. Ulikuwa mpango uliofikiriwa vizuri. Ulikosa kitu kimoja tu, sarafu ya kuandikia.

Zaire iliyoyeyuka

Siku za Krismasi mwaka 1979 wananchi walitangaziwa kwamba noti za zaire tano na zaire kumi hazina thamani tena, na kwamba lazima zibadilishwe katika muda mfupi na kwa kiasi chenye kikomo. Mipaka ilifungwa. Kwa mtu wa mjini mwenye akaunti ya benki hilo lilikuwa pigo. Kwa mvuvi au mfuga ng'ombe wa milima ya Fizi, aliyeweka fedha yake nyumbani na aliyekuwa mbali na benki, lilikuwa ni kufutiwa akiba. Mali iliyo taslimu, ambayo vitabu huiweka kuwa ndiyo salama kuliko zote kwa sababu haihitaji kuuzwa kwanza, ilidhihirika kuwa ndiyo yenye hatari kubwa zaidi.

Baadaye sarafu yenyewe ilianza kuyeyuka. Mwishoni mwa 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni tano, ambayo waziri mkuu Étienne Tshisekedi aliikataa, na askari waliolipwa kwayo mwezi Januari 1993 wakaasi pale wafanyabiashara walipokataa kuipokea. Mwezi Oktoba mwaka huo ilikuja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulivuka asilimia 20,000. Tarehe 30 Juni 1998 ilianzishwa falanga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Anayetaka kuunganisha hesabu hizo ataona kwamba falanga moja ya 1998 ilisimama mahali pa zaire bilioni 300 za mwaka 1967.

Athari yake katika daftari inaeleweka vizuri zaidi kwa kurudi kwenye chumvi, bidhaa ambayo tangu zamani ilivuka ziwa kutoka Uvinza. Ichukuliwe kwamba mfanyabiashara alinunua magunia kumi kwa zaire 100 kila moja, jumla 1,000. Aliyauza polepole kwa 200 kila moja, akapata 2,000. Daftari linasema amepata faida ya 1,000, yaani amezidisha mtaji wake maradufu, na mtoza kodi atakubaliana na daftari. Alipokwenda kununua tena alikuta gunia ni 250. Zaire zake 2,000 zilimpa magunia manane. Kwa kipimo cha zaire ni tajiri kuliko jana. Kwa kipimo cha chumvi amepoteza magunia mawili, na kama alikula hiyo "faida" ya 1,000 basi amebaki na magunia manne. Hesabu zote mbili ni sahihi. Wataalamu huliita jambo hili suala la kuhifadhi mtaji, na kwa kawaida huliweka katika sura za mwisho za vitabu vyao, kwa wanafunzi waliobobea. Mwenye duka la chumvi katika miaka hiyo ilimpasa kulijua mwaka wa kwanza, la sivyo hakuwapo mwaka wa pili.

Jawabu la wafanyabiashara lilikuwa kuacha kupima kwa zaire. Fedha iliyoingia iligeuzwa haraka kuwa kitu: ng'ombe, mabati, nguo, mafuta ya mawese, dola. Biashara ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, iliyoruhusiwa na sheria mwaka 1982, iliwapa kipimo kingine. Katika machimbo ya mashariki ya Kongo, na Fizi ina machimbo mashuhuri ya Misisi, dhahabu ilipimwa kwa mizani ya mkono, upande mmoja vumbi la dhahabu, upande wa pili sarafu kuukuu au vijiti vya kiberiti. Kuna kejeli ndani yake: sarafu iliyokwisha kufa kama fedha iliendelea kufanya kazi kama jiwe la mizani, na kwa kazi hiyo haikuweza kushuka thamani.

Mwezi wa ndagala

Uhasibu unataka pia kipindi. Hesabu hufungwa mwisho wa mwaka kwa sababu serikali imeamua hivyo, na mwanafunzi hukariri tarehe 31 Desemba bila kuuliza. Wavuvi wa Baraka wana kipindi chao, nacho hutoka angani. Ndagala huvuliwa usiku wa giza kwa taa, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa za karabai, zinazowavuta samaki juu ya wavu. Mwezi mpevu ukiangaza, taa hazifai kitu na mitumbwi hupumzika. Uvuvi wa taa na nyavu kubwa ulipanuka miaka ya 1950, Wagiriki wakiwa miongoni mwa waliouanzisha kibiashara upande wa kaskazini wa ziwa. Siku za mbalamwezi basi ndizo siku za kushona nyavu, za kurekebisha mitumbwi na za kufunga hesabu.

Utaratibu wa kugawana una mantiki iliyo wazi. Kwanza hutolewa gharama za safari, hasa mafuta na chakula. Kinachobaki hugawanywa baina ya mwenye chombo na wavuvi kwa mafungu waliyokubaliana kabla. Fungu la mwenye chombo huonekana kubwa, na ugomvi hautokosekana hapo. Lakini ndani ya fungu hilo mna kitu ambacho hakionekani usiku mmoja: wavu unaooza, taa zinazovunjika, mbao zinazoliwa na maji. Ikiwa wavu wa dola 600 hudumu miezi 20, basi kila mwezi umekula dola 30 hata kama hakuna aliyelipa kitu. Huo ndio uchakavu. Mwenye chombo asiyetenga fedha hiyo atajiona anafaidi kwa miezi 19, na mwezi wa 20 atakwenda kukopa kwa mnunuzi wa samaki, ambaye naye atataka alipwe kwa samaki wa bei ya chini. Riba iliyofichwa ndani ya bei, iliyoonekana Unguja wakati wa misafara, hurudi hapo ikiwa imevaa nguo nyingine.

Vita vilivyoanza mwaka 1996 na kufuatiwa na vile vya 1998 viliwavusha watu wengi wa Fizi kwenda Kigoma, wakakaa miaka katika kambi kama Lugufu na Nyarugusu. Kuanzia Oktoba 2005 maelfu walirejeshwa kwa meli na kushukia Baraka. Miaka ile walikuwa wamefanya biashara zao kambini kwa shilingi ya Tanzania. Soko la Baraka lilikuwa tayari na falanga ya Kongo kwa vitu vidogo, na dola kwa vikubwa.

Lugha na sarafu ya sheria

Tarehe 12 Septemba 2012 Kongo ilijiunga rasmi na OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, na mpango wa 1976 ukatoa nafasi kwa mfumo wa uhasibu wa umoja huo. Mfumo uliorekebishwa ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Una ukarimu kwa wadogo: biashara ndogo kabisa huruhusiwa kuandika mapokezi na malipo tu, bila kulazimika kuandaa hesabu ndefu za kampuni. Kikomo chake kwa wauza bidhaa ni mauzo ya faranga za CFA milioni 60 kwa mwaka, au kiasi kinacholingana nacho katika sarafu ya nchi. CFA haijapata kutumika Baraka. Kwa hiyo mwenye butiki anayetaka kujua kama yeye ni mdogo au mkubwa mbele ya sheria inambidi atoke kwenye dola za daftari lake, apitie falanga ya Kongo, afike kwenye CFA. Mfanyabiashara wa 1870 aliyetoka kwenye reale kupitia merikani kufika kwenye sofi angemwonea huruma.

Sheria hiyohiyo inataka hesabu ziandikwe kwa lugha rasmi ya nchi na kwa sarafu halali ya nchi. Lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Daftari la Baraka lililoandikwa kwa Kiswahili na kwa dola lina makosa mawili basi kabla ya kuchunguzwa namba hata moja, ingawa ni hayo mawili yanayomwezesha mwenye daftari kuelewa hali yake. Akienda kuomba mkopo huhitaji mtu wa kumtafsiria daftari, na mtafsiri hulipwa. Akidaiwa kodi, atalipa kwa faida ya falanga ambayo pengine kwa dola haikuwapo. Walimu wa Kiswahili wanayo kazi hapa, kwa kuwa istilahi zipo tayari. Mizania, dhima, uchakavu na mtiririko wa fedha vimetumika katika vitabu vya Tanzania kwa miaka mingi. Haviitaji ila kuvuka ziwa, kama vilivyovuka mtaji na faida kabla yake. Haitoshi kutafsiri maneno hayo bila kufundisha pia namna ya kuweka safu mbili, ya falanga na ya dola, pamoja na bei ya kubadilisha ya siku ile ile, jambo ambalo vitabu vya Tanzania havikuwa na sababu ya kulisisitiza.

Mahali ambapo safu hizo zingeweza kujaribiwa kwanza ni katika vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Kongo hujulikana kwa jina la AVEC. Mtindo wao ulianzia Niger mwaka 1991. Wanachama hukutana kwa kawaida kila wiki, hununua hisa zinazopigwa muhuri katika vijitabu, na fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, ufunguo mmoja kwa kila mshika ufunguo. Mwisho wa mzunguko, ambao ni karibu mwaka mmoja, kila mtu hugawiwa kwa kadiri ya hisa zake pamoja na riba iliyopatikana kwa mikopo. Sanduku likikaa na falanga mwaka mzima bila kukopesha, mwanachama atapata noti alizoziweka zote bila kupungua hata moja, na ataweza kununua kwazo samaki wachache kuliko wale aliojinyima. Ndiyo maana katika vikundi hivyo sanduku lililojaa halifurahishi, na swali linaloulizwa mkutanoni baada ya kuhesabu fedha ni nani anataka kukopa wiki hii.